Kungwi kutoka Kongowe

Ukitaka kujua watu wa kwetu wanathamini nini, usiwaulize, watakudanganya. Njoo dukani kwangu Maili Moja uangalie maturubai yangu yanakwenda wapi. Mimi naitwa Mwanajuma, kazi yangu ni kukodisha: maturubai, viti vya plastiki, sufuria za pilau, mpaka vile vitambaa vya kuvalisha viti ili navyo vionekane vimealikwa. Nimepeleka turubai kwenye harusi, kipaimara, maulidi, arobaini, na siku moja kwenye sherehe ya gari jipya ambalo Wajapani walikuwa wameshalichoka. Lakini turubai la kumchangia mtu asome sijawahi kuulizwa. Kusoma hakuna pilau.

Nayasema haya kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu Shabani, anaitwa Maulida. Kazaliwa Masaki. Nasema Masaki ya Kisarawe, maana mtu wa Dar ukimtajia Masaki anadhani mna bwawa la kuogelea. Masaki yetu ina mihogo, mikorosho, mkaa na bodaboda, na ukitaka kuogelea unasubiri masika barabara ijae maji.

Utotoni Maulida alikuwa na sifa. Madrasa alikuwa akisoma mpaka ustadhi Hussen anafumba macho kwa raha. Siku moja ustadhi akayafumbua mapema, akakuta mtoto anasoma sura nyingine kabisa, siyo ile iliyofunguliwa mbele yake. Kumbe zote zimo kichwani, kaziingiza kwa sikio. Ungedhani angesema, masha Allah, mtoto huyu ana kichwa cha ajabu, hebu tuangalie kwenye maandishi kuna nini. Thubutu! Alichezea bakora mpaka adhuhuri.

Shuleni nako wataalamu hawakukosekana. Mwalimu wa kwanza aligundua kwamba ni uvivu. Wa pili akagundua ni ujeuri. Mganga mmoja wa huko ndani ndani, ambaye hakusomea ualimu lakini naye hakutaka kubaki nyuma, akagundua ni jini asiyependa chaki, na akataka jogoo mwekundu. Jogoo akaliwa, jini akabaki palepale.

Sekondari alipata bahati, akakaa dawati moja na binti anaitwa Rahma. Rahma alikuwa anasoma kwa sauti tamu kama mtangazaji, haelewi hata mstari. Maulida haoni mstari, lakini akisikia mara moja anaelewa na kuueleza. Basi Rahma anasoma, Maulida anafafanua, wawili wakawa mwanafunzi mmoja mzima. Kwenye mitihani alikuwa anaandika kidogo lakini anachoandika kina akili, na Mungu si Athumani, akachaguliwa chuo kikuu, masomo ya ustawi wa jamii. Masaki wakachinja mbuzi. Turubai nilitoa mimi, bure, siku hizo nilikuwa bado nina moyo laini.

Chuoni Rahma hakuwepo. Kulikuwa na makabrasha ya Kiingereza, marefu, yenye maandishi madogo, na mhadhiri anayesema someni kurasa hizi mje Jumatatu. Mkopo wake ulikuwa na fungu la vitabu, na vitabu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho tele. Mwaka wa kwanza alivuka kwa kukwaruzana. Mwaka wa pili akapata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia mwezi wa tisa. Akizifeli zote anadisko, anafukuzwa chuo, anarudi Masaki kupalilia mihogo na cheti cha kidato cha sita. Alikuja kwangu likizo hiyo kanyong'onyea, hali, hasemi. Mimi nilimpenda tangu anatambaa, na nilikuwa naumia kumwona anavyojiita mjinga kimoyomoyo.

Ndipo akaja Mwalimu Elinipa kukodi viti vya jumuiya ya kanisani. Huyu ni mama wa Kipare, Mlutheri, mwalimu mstaafu, anakaa Kongowe, hii Kongowe yetu ya Kibaha. Akamkuta Maulida nyuma ya lundo la viti, kabrasha mapajani, kafunika mistari yote kwa kipande cha boksi kabakisha mmoja, midomo inacheza, machozi yanatiririka. Mtu mwingine angemuuliza una nini, umeachwa? Elinipa akachuchumaa akamuuliza, "Mjukuu wangu, herufi zinakaa au zinatembea?"

Maulida akaondoa kile kipande cha boksi. "Zinatembea, bibi," akasema. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, hata mimi sikuwahi.

Kumbe Elinipa alisomea elimu maalumu. Akamchukua mchana mzima nyumbani kwake, akampima kwa maneno, picha, sauti na saa, jioni akaniita. Akasema inaitwa disleksia. Si ugonjwa, si ujinga, na si jini. Ubongo wake unashika kila kitu isipokuwa maandishi, hayo unayafikia kwa njia ya kuzunguka, kwa hiyo unachelewa na kuchoka. Mtu wa namna hiyo anafundishwa mbinu zake mwenyewe, mtu na mtu, kila siku, na anahitaji programu ya simu inayopiga picha ukurasa na kuusoma kwa sauti. Akanitajia gharama ya kufika mwezi wa tisa.

"Mwalimu," nikamwambia, "kwa huyu mtoto huwezi kufundisha kwa thawabu?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama Turubai, vile viti vya jumuiya ulitukodisha kwa thawabu?"

Nikafunga bakuli langu.

Tukasema twende chuoni, wenye mwanafunzi wao. Chuo chenyewe sikitaji, mahafali huwa wanakodi viti na mimi sijawa kichaa. Wana ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, iko ghorofa ya tatu, ngazi zake zinapandika vizuri kabisa ukiwa na miguu miwili mizima. Ndani tukamkuta kijana anaitwa Brighton, tai imenyooka, adabu tele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuletea mwanafunzi wako." Nikamweleza yote, nikampa na karatasi ya Elinipa.

Brighton akamwangalia Maulida kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akitafuta tatizo lilipo. "Mbona yuko sawa tu?"

"Ndiyo tumemleta akiwa bado sawa," nikasema.

Akasema kuna fomu, na fomu inataka picha ya rangi inayoonyesha ulemavu. Nikamuuliza, "Sasa baba, tumpige picha ya wapi? Tumfungue kichwa?" Maskini kijana akacheka, halafu akaona aibu, akasema fomu hakuitunga yeye. Akafungua kabati, akafunga kabati. Akasema fungu lipo la fimbo nyeupe, la viti vya magurudumu na la wakalimani wa lugha ya alama, lakini la mtu wa kumfundisha mwanafunzi mbinu za kusoma halipo, halijawahi kuwepo, ila mwaka ujao wa fedha wanatarajia kufanya warsha.

"Warsha ya nini?"

"Ya kujenga uelewa, mama."

"Na chai itakuwepo?"

"Chai lazima iwepo," akasema, kwa moyo mweupe kabisa.

Nimtendee haki: alimwombea Maulida muda wa ziada kwenye sapu, na chumba chake peke yake, na kabla hatujamaliza ngazi akatukimbilia na barua imeshagongwa muhuri. Muda wa ziada hauna gharama, ndiyo maana uliwahi.

Nikabaki na ukoo. Nikapanda bodaboda hadi Masaki kwa kaka Shabani, nikawakusanya ukumbini kwake. Alikuwepo mdogo wetu Latifu, mwenye bodaboda kadhaa na shati lenye maua, anayejiita mfanyabiashara. Alikuwepo wifi yangu Salama, mama yake Maulida. Maulida mwenyewe alikuwa anapitisha juisi ya ukwaju, anasikia kila neno. Nikaeleza kama nilivyoelezwa, nikampa kaka karatasi ya Mwalimu. Akaishika, akaiangalia kidogo, akaikunja, akasema miwani kaiacha shamba. Miwani ya kaka mimi sijawahi kuiona usoni pake. Kila inapohitajika iko shamba, sijui inalinda mikorosho.

"Wee Mwana," akaniambia, "mtu yuko chuo kikuu halafu afundishwe kusoma? Unataka tuchekwe mpaka Maneromango?"

"Akishajua kusoma," Latifu akadakia, "watamrudisha chekechea au ataendelea hapohapo?" Wakacheka. Juisi ikamwagika kidogo kwenye sinia, Maulida akaenda kufuata kitambaa na hakurudi.

Sikukata tamaa, mimi nina kichwa kigumu. Nikafungua group la WhatsApp, nikaliita Maulida Asome. Nikaandika maelezo marefu, ya kistaarabu, disleksia ni nini, Mwalimu ni nani, mtihani lini. Latifu ameondoka kwenye kundi. Shangazi yetu wa Mzenga ameondoka kwenye kundi. Binamu mmoja alituma picha ya mikono inayoomba dua, kisha naye ameondoka kwenye kundi. Nikaandika tena kwa ufupi. Kaka Shabani, ambaye tangu anunue simu hajawahi kuandika ujumbe hata mmoja, ni sauti tu, dakika nne za kukohoa na kuku wanaopita, naye akaondoka bila hata kukohoa. Baba mzazi! Nilitukana hapa dukani mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba.

Wiki hiyohiyo lilikuwepo group lingine, Mwali Wetu Nuria. Nuria ni binti wa Latifu, kamaliza kidato cha nne, na sasa anatolewa, anachezewa ngoma ya unyago. Humo hakuna aliyeondoka. Humo shangazi wa Mzenga aliahidi mchele, binamu wa mikono ya dua akaahidi spika, watu wakagombana siku mbili juu ya rangi ya sare. Mimi nikaombwa maturubai, na nikaitwa Masaki kwenye kikao cha ngoma.

Kikao kikafika kwenye kungwi. Latifu akasema Nuria atafutiwe kungwi wa maana, akae naye ndani, amfunde taratibu hadi aive, gharama zote juu yake. Nikawa nawasikiliza tu. Hakuna aliyesema mbona asifundwe ukumbini pamoja na wenzake mia mbili. Hakuna aliyesema mbona wenzake wanaelewa. Hakuna aliyeuliza kama tutachekwa. Mtoto mmoja, mwalimu wake mmoja, chumba chao, muda wao, na mwalimu analipwa, anavishwa na khanga. Jamani, ukoo mzima wanajua elimu maalumu tangu enzi za mababu, wanangoja tu iitwe jina lake!

Nikakohoa. "Samahani," nikasema, "hivi Maulida alitolewa lini?"

Wifi Salama akaangalia mkeka. Mwaka ambao Maulida alipaswa kuchezwa, ubwiriunga uliingia kwenye korosho, maua yote yakakauka, hakukuwa na hela hata ya ngoma ya makopo. Tukasema mwakani, mwakani ikawa shule, shule ikawa chuo.

"Yaani mwanachuo," akasema shangazi wa Mzenga, mkono kifuani, "hajatolewa?"

"Hajatolewa," nikasema. "Ataolewa hivyohivyo, mbichi. Watu watauliza ukoo gani huo."

Eh! Ungeona. Watu walioshindwa kuvumilia ujumbe wangu mmoja wa disleksia sasa wanapigana vikumbo kuchangia. Latifu akasimama akasema aibu hii hailali, mabinti watatoka wawili siku moja, hajali gharama. Nikasema basi kungwi wa Maulida namtafuta mimi, shangazi mtu, kama ilivyo ada, na mnikabidhi fungu lake, la kungwi na vifaa vya ndani. Kaka Shabani akauliza kungwi huyo ni nani. Nikamwambia, "Kaka, mambo ya ndani wanaume hawaulizi." Akanywea, kwa sababu ni kweli, hawaulizi.

Sikusema uongo, ukinipeleka kwa kadhi nitashinda. Nikampakia Maulida na kibegi chake nikampeleka kuwekwa ndani Kongowe, kwa Mwalimu Elinipa. Vifaa vya ndani nikanunulia ile programu ya kusoma kurasa, spika za masikioni na kalamu za rangi.

Na alifundwa haswa. Nilikuwa napeleka mboga, nakaa barazani nawasikia dirishani. Elinipa hakumfundisha a e i o u, kama Latifu alivyodhani. Swali la mtihani alimfundisha alikate vipande, kila kipande rangi yake, ajue linataka nini kabla hajaanza kujibu. Jibu alichore kwanza kwa visanduku, kisha ndipo aandike. Kabrasha alisikilize kwenye simu huku kidole kinafuata mstari. Neno gumu aligonge mezani silabi kwa silabi. Maulida alikuwa na tabia ya kusoma mbio, kubahatisha na kupita kabla hujamgundua, tabia ya mtu aliyechapwa. Kila akianza mbio namsikia Mwalimu anasema polepole, "Nani anakufukuza?" Anarudia. Akikimbia tena, "Nani anakufukuza?" Siku nyingine niliwakuta wote wawili wamekasirika, hawasemeshani, chai imepoa. Haukuwa muujiza. Ilikuwa kazi, na kazi inalipwa.

Siku ya ngoma ikafika, Jumamosi kabla ya wiki ya sapu. Masaki ilijaa. Maturubai yangu manne, mdundiko unapasua, pilau la sufuria sita. Nuria akatoka kwanza, kabebwa begani, kang'ara, akashushwa akacheza kiuno alichofundwa, watu wakamtunza, noti zikabandikwa mpaka huoni sare. Halafu akatoka Maulida begani kwa binamu yake mwenye nguvu. Vigelegele. Shangazi wa Mzenga akapaza sauti, "Kungwi wake atokee tumwone!"

Akatokea Mwalimu Elinipa na kitenge chake cha Umoja wa Wanawake wa kanisani, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, viatu vya kufunga. Ngoma ikalegea. Nikasikia mtu anauliza nyuma yangu, "Kungwi Mlutheri?"

"Na mwali aonyeshe alichofundwa!" wakapiga kelele wengine. Ndiyo desturi, mwali akitoka anaonyesha.

Maulida kule juu akageuka rangi. Mimi nilikuwa nimepanga nisimame niseme maneno mazuri, lakini maneno yote yalinikimbia. Wapigaji wakashusha mikono. Ndipo Elinipa akainua uso akamwambia, taratibu kama wako wawili tu, "Nani anakufukuza?"

Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke wa jirani, kampa mgongo, khanga imemkaa kiunoni, maandishi yanaonekana. Maulida ambaye maisha yake yote akiona khanga nzuri huuliza yako inasemaje, akanyoosha kidole. Akaanza kugonga silabi kwenye bega la binamu yake. "U-me-ku-ja," akasema. Akasimama. Akarudi mwanzo. "Umekuja kula... au kunichunguza."

Yule mwanamke akageuka kwa mshangao. "Ndiyo!" akasema. "Ndiyo inavyosema!"

Wakacheka, lakini kicheko kingine, siyo kile cha ukumbini kwa kaka. Maulida akasoma ya pili, akakosea katikati, akarudi mwanzo bila haraka, akaipata. Ya tatu ilikuwa ya mke wa Latifu: "Mume ni wetu sote, maringo ya nini." Latifu akaanza kuchunguza kamba za turubai. Hapo wanawake wakapagawa. Kila mmoja anageuka, anampa mwali mgongo, anatikisa, "Na mimi! Nisome na mimi!" Ngoma ikashika, anasoma moja wanampigia kigelegele, na anayesomwa anatoka mbele anamtunza. Wifi Salama alikuwa anacheza huku analia, kamasi na machozi, hajali. Mimi nililia vilevile, sioni sababu ya kuficha. Kungwi wangu wa kanisani naye alitunzwa, akawa anapokea noti kwa mikono miwili na kusema Bwana awabariki.

Kaka Shabani alinishika mkono akanivuta nyuma ya jiko la pilau.

"Wee Mwana. Hela ya ngoma umempa mwalimu wa kusoma."

"Nimempa."

"Umenidanganya mbele ya ukoo wangu."

"Nimekudanganya nini?" Moto ukanipanda. "Nilikuandikia kila kitu kwenye group! Nikakuandikia tena! Karatasi ya Mwalimu nilikupa mkononi! Hukusoma?"

Kaka akaangalia chini kwenye majivu. Mimi nikavuta pumzi niendelee, mdomo wangu hauna breki, mara Maulida akatokea amebandikwa noti hadi kwenye kilemba. Alikuwa ametusikia. Akamwangalia baba yake, yale macho yaliyokwepa, ile mikono isiyojua iende wapi, na akamfahamu kuliko mimi niliyezaliwa naye tumbo moja.

"Baba," akamuuliza kwa sauti ndogo, "zinakaa au zinatembea?"

Kaka akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Zinatembea, mama," akasema.

Nikanyamaza. Wanaonijua watakuambia hilo ndilo lililokuwa tukio kubwa la siku. Maulida akamshika baba yake mkono, wakakaa kwenye gunia la mkaa. Kaka akamweleza kwamba aliacha shule darasa la tatu akasingizia kuchunga mbuzi wa babu, na kwamba aliondoka kwenye group kwa kuwa aliona jina la mwanawe na maneno mengi chini yake, akadhani watu wanamsema. Elinipa alipopita kutafuta maji ya kunywa, kaka akasimama kwa heshima zote.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, mtu mzima naye huwa anachezwa?"

"Marahaba," akasema Elinipa. "Anachezwa, ila halipi kidogo."

Sapu Maulida akafanya, chumba peke yake, muda wa ziada, kalamu za rangi. Mbili akafaulu. Ya tatu ikamshinda, ataibeba aifanye tena mwakani, lakini hakudisko, yuko mwaka wa tatu sasa hivi ninavyoongea. Brighton alinipigia kunipongeza na kuniambia warsha imepata mfadhili, je Maulida anaweza kwenda kutoa ushuhuda? Nikamuuliza kama fungu la walimu kama Elinipa limepatikana pia. Akasema hilo bado, ila wameshapata la mabango. Nilimpenda kijana yule, hivyo nilikata simu bila kumtukana.

Kwa hiyo fedha ya Elinipa ya mwaka wa tatu ilikuwa bado juu yangu, na mwali hatolewi mara mbili. Kaka Shabani alianza kwenda Kongowe kila Jumamosi kwa bodaboda, kaoga, kajipulizia manukato. Watu wa Masaki wanasema kapata mke wa pili Kibaha. Hajakanusha. Anaona afadhali mke kuliko daftari.

Mwezi wa kumi na moja, msimu wa korosho, akanitumia sauti, kakohoa, kuku wamepita, akasema nimrudishe kwenye lile group. Nikamrudisha. Nikamrudisha na Latifu kwa lazima. Siku iliyofuata, nikiwa nahesabu viti vilivyotoka msibani, simu ikalia. Haikuwa sauti. Ilikuwa maandishi, ya kaka Shabani, ya kwanza maishani mwake, na wifi Salama ananiambia alikaa nayo chini ya mkorosho tangu baada ya adhuhuri hadi adhana ya alasiri, akimfukuza kila aliyetaka kumsaidia.

"Nimeuza korosho. Kungwi alipwe. Mwanangu asome."

Nilitaka kumjibu, nikashindwa kuziona herufi kwenye simu, machozi yalikuwa yamejaa. Nikabonyeza nikamtumia sauti.